Kamba za Mzee Jecha

Khatib alifanya kosa ambalo mwengine akilifanya, yeye humsema mpaka ulimi umkauke: alimchora baba yake bila ya kumuuliza. Na wala si mchoro wa penseli wa nusu saa. Miezi minane alijifungia chumba cha uani, nyumbani kwao Mpendae, na kila baba yake alipopita dirishani, picha iligeuzwa ukutani ikatupiwa kanga kuukuu ya marehemu mama yake. Mzee wa watu hakuuliza neno. Alidhani mwanawe anamchora mchumba, akamstahi.

Picha zilikuwa saba, na zote za wanaume. Kulikuwa na muuza pweza aliyepaka wanja asubuhi ya Idi, na seremala aliyefumba macho huku anafukizwa udi siku ya harusi yake. Kulikuwa na kijana wa mazoezi, kifua kama mlango, ameinama kunusa kikuba cha asumini. Nne zilikuwa za rangi, na tatu kazifanya kwa kompyuta, zikawa zinatembea taratibu kwenye kioo cha televisheni ukutani. Khatib alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na neno moja. Kwetu mwanamume haambiwi mzuri, huambiwa mzima. Uzuri wameachiwa wanawake, nyumba na ng'ombe wa maziwa. Yeye alikua akitazama uzuri wa mwanamume kila siku, mita mbili kutoka alipokaa, na hakuna aliyempa ruhusa ya kuusema.

Mwanamume mwenyewe ndiye huyo baba yake, Mzee Jecha, hamali wa mkokoteni, ambaye tangu ujana wake anasukuma mizigo baina ya Mlandege na Darajani. Mkewe, Bi Biasha, alifariki akamwachia Khatib wa miaka kumi na Mwanakheir wa miaka sita. Kupika Jecha alijua. Kufua alijua. Kilichomshinda kilikuwa kichwa cha Mwanakheir. Mwanzo majirani walimsuka, Mungu awajaze kheri, lakini siku moja mtoto alirudi analia. Aliwasikia wakisema juu ya kichwa chake, "Masikini, yatima huyu, hana hata wa kumchana." Jecha alimfuta machozi, akasema kichwa cha mwanawe hakitakwenda tena kuombea huruma.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mlango ulitiwa komeo. Jecha alikaa juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, mtoto akakaa mkekani baina ya magoti yake, na ile mikono iliyobeba magunia ya mchele ikaanza kuhangaika na pande tatu za nywele. Alijisemea kwa sauti ya chini, "Usivute. Usivute." Khatib alijifanya anasoma. Mlango ukishafunguliwa, amri ilikuwa moja: "Hili halitoki nje." Kwa maana mahamali wana ulimi mrefu kuliko mikokoteni yao, na angeitwa Msusi mpaka siku ya kuzikwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na makata walikuwa wawili tu.

Siri hiyo ndiyo aliyoichora Khatib. Aliitoa mara mbili: picha kubwa ya rangi, baba na mtoto na kibao, na nyengine ya kompyuta, mikono mitupu na nywele, inasuka, inasuka, haimalizi. Alikuwa amepanga kumwambia baba yake Alkhamisi, kwa adabu, na halua mkononi. Lakini Bi Maisara, mwenye nyumba ya sanaa ya Kiponda ambako maonyesho yangefunguliwa Jumamosi, ni mtu wa haraka zake. Jumanne aliitia ile ya mikono mtandaoni, na chini yake akaandika: Mikono ya Mzee Jecha. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatano asubuhi ilikuwa imeshafika Darajani.

Siku hiyo Khatib hakula. Alikaa barazani anangoja kurudi kwa baba yake kama mtu anayengoja kukatwa jino. Mzee alikuja alasiri, akaegesha mkokoteni, akanawa miguu, akakaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Leo nimekuwa mtu mashuhuri," alisema Jecha. "Ubwa kanionesha kwenye simu yake. Watu wote wamenizunguka, nikadhani nimeiba."

Ubwa alikuwa rafiki yake wa kusukuma, mtu mnene wa maneno na wa mwili.

"Wamesemaje, Baba?"

"Wamefurahi. Wanasema mwanangu kanitangaza na kamba zangu."

Khatib hakuelewa, na hapo ndipo alipolisikia jambo ambalo hakulijua miaka yote ile. Baba yake hakuzaliwa anajua kusuka. Alijifunza mchana, saa ya kupumzika, kwa vipande vya kamba ya manila alivyovifunga kwenye mkono wa mkokoteni. Anasuka pande tatu, anafumua, anasuka tena, ili Ijumaa asimuumize mtoto. Wenzake walipomuona wakadhani anatengeneza kamba ya kufungia mizigo. Ubwa aliijaribu moja kwenye mzigo wa mbao, akaona haitelezi. Akaitaka. Mwengine naye akaitaka. Hata leo hakuna mkokoteni Mlandege usiokuwa na kamba ya Jecha. Sasa wakiona kwenye simu yenye kioo cha nyufa mikono yake inasuka kitu cheusi, wangedhani nini kama si kamba?

Mzee alimgeukia. "Lakini mie nimeiona vyema, Khatib. Ile si kamba."

"Siyo, Baba. Nisamehe. Nlikuwa nikwambie."

"Na kuna nyengine?"

"Ipo kubwa. Mna kichwa, mna uso wako. Usipotaka haitundikwi, wallahi."

Jecha alitazama mikono yake, akaifunika na kofia yake. "Wao wameshasema kamba. Waache na kamba yao. Jumamosi wanakuja wote kuitazama."

Usiku huo Khatib alimpigia simu dada yake, Mwanakheir, ambaye sasa ni muuguzi na ana kwake. Alitegemea amsukume mbele, amwambie tundika. Mwanakheir alifikiri, kisha akasema: "Kichwa ni changu, na mie nshakupa ruhusa. Mikono si yangu, na wala si yako."

Basi Jumamosi picha zilitundikwa tano na nusu, kama alivyolalamika Bi Maisara, ile ya mikono akaihesabu nusu kwa kukosa mwenziwe, ingawa zilikuwa sita. Ile kubwa ililetwa Kiponda pamoja na nyengine, ikabakia stoo, uso ukutani, na kanga yake. Ukutani ulibaki msumari mtupu, na pembeni yake kioo chenye mikono inayosuka. Khatib alipita mbele ya msumari ule mara ishirini. Moyo ulimuuma, asidanganye mtu. Ile ndiyo picha ambayo alijifunza uchoraji wote ili aweze kuichora. Lakini alijiambia kwamba shukurani ikimvua nguo unayemshukuru, si shukurani tena.

Baada ya sala ya alasiri mahamali wakaingia, wanane, wamekoga, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata. Walipanda ngazi kwa hadhari, kana kwamba kila mmoja kabeba kabati. Ubwa alikuja na ushahidi: kamba yake ameivaa begani. Kabla hajakaribishwa alikwishakuwa anawasomesha wageni.

"Mnaiona hii? Miaka kumi na saba. Nimefungia mbao, mafriji, vitanda vya maharusi. Haijaniangusha. Fundi wake ni yule pale, kajibanza utadhani si yeye."

Watu wakaishika kamba, wakaisifu. Jecha alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono nyuma, anatazama mikono yake ya ujana. Mwanakheir alikuwa kando yake na buibui lake la kazini.

"Lakini Jecha, yakhe," Ubwa akaita chumba kizima kikasikia, "hii nyeusi ulimsukia nani? Mbona mie hujanipa? Laini hii, tazama!"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana. Angeweza kusema lolote: kamba ya zamani, kamba ya mteja wa Bububu. Khatib alimwona baba yake akivuta pumzi, naye akatamani aseme hivyo, amalize, warudi nyumbani salama.

"Khatib," mzee akaita.

"Naam, Baba."

"Ilete ile kubwa."

Khatib aliileta ameishika juu, ikataka kumponyoka. Baba yake alimpokea. "Mzigo haushikwi juu, mwanangu. Shika chini." Wakaiinua wawili, ikakaa msumarini. Jecha mwenyewe ndiye aliyeivua kanga, akaikunja vizuri, akampa Mwanakheir aishike.

Mahamali walitazama kibao, mkeka, mtoto wa miaka sita mwenye mistari ya nywele iliyopinda. Walimtazama mwenzao akiwa kijana, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, jasho linamtoka, macho yameganda kwenye kichwa kile utadhani kabeba yai.

"Si kamba," alisema Jecha. "Ni huyu. Kamba zenu zote zilikuwa mazoezi."

Kicheko kilichomtisha miaka kumi na saba hakikuja. Ubwa aliiteremsha kamba begani, akaigeuzageuza. "Ina maana mie siku zote nafunga mbao kwa nywele za Mwanakheir?" Hapo ndipo walipocheka, Jecha wa kwanza, na Mwanakheir akacheka huku anajifuta machozi na kanga ya mama yake.

Jecha alisogea karibu na picha. Aliutazama uso wake muda mrefu.

"Mbona umenifanya mzuri hivi?"

"Sikukufanya, Baba," Khatib alimjibu. "Nlikuwepo."

Mzee alimshika bega, akalishikilia. Khatib hakuwa na haja ya neno jengine. Alhamdulillahi, alisema moyoni, kwa baba, kwa komeo la mlango, kwa Ijumaa zote zile, na kwamba shukurani yake imemkuta mwenyewe yu hai, yu macho, na ameipokea kwa mikono yake.

Wageni walipoanza kutawanyika kwenye kahawa, Ubwa alibaki. Alikohoa. Aliangalia nyuma, akahakikisha wenzake wako mbali, kisha akasema kwa sauti ambayo Khatib hakujua kama anayo:

"Yakhe, mjukuu wangu sasa yuko kwangu. Mama yake kasafiri, na bibi yake macho hayaoni vyema. Ule upande wa kati... unakwenda wapi?"

Jecha aliichukua kamba, akafungua fundo la mwisho, miaka kumi na saba ikafumuka shibiri moja. Akampa Ubwa ashike pande tatu, akamwekea vidole vyake vinene mahala pake. Ubwa akavuta, kwa nguvu za hamali.

"Usivute," Jecha akamwambia, sauti ya chini. "Usivute. Atalia."