Msiruke Salamu za Nyakuoth

Wauza mboga wa soko la Konyo Konyo, hapa Juba, ndio walionikosesha raha. Mmoja aliniambia kwamba Nyakuoth amefuta video zake zote za zamani, na kwamba mwanachama akizidi kuzitafuta anatolewa kwenye ukurasa bila kuambiwa. Aliyesema hivyo si mwanachama. Hata simu yake ni ile ndogo ya tochi. Lakini mimi nikisikia jambo baya naliamini kabla sijaweka kikapu chini, na hili lilipanda nami boda mpaka nyumbani Buluk, likakaa.

Kwa asiyemjua, Nyakuoth ni binti wa kwetu anayeishi Nakuru na kufundisha mapishi kwa video. Nyingine anaziachia kila mtu, lakini zile zenye siri za jikoni ziko kwenye ukurasa wa wanachama. Mimi niliingizwa na rafiki yangu Hadiyo, Msomali mwenye duka la vitambaa Hai Jalaba. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa, na neno la siri akalitunza yeye, maana mimi mambo hayo huyasahau.

Niliyoitaka ilikuwa video ya keki ya makaa. Unachukua sufuria kubwa, unatia mchanga, ndani yake unaweka sufuria ndogo yenye unga wako, moto chini na moto juu ya kifuniko. Niliipika mara moja, Krismasi ile Atong, binti yangu, alipomaliza darasa la nane. Ilitoka laini, na Atong alikula mpaka tukamwondolea sahani. Baadaye simu niliyoihifadhia video ile ikaanguka kwenye beseni la kufulia na kila kitu kikaenda na maji ya sabuni.

Sasa Atong anaolewa. Siku wakwe walipokuja kupanga harusi ya kanisani, shangazi wa Malith, bwana harusi, akasema keki itaagizwa hotelini, basi, kalas. Atong hasemi mbele ya wakwe. Siku hiyo alisema.

"Keki atapika mama. Ile ya mchanga."

Wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua anachokifanya.

Nilikuwa sijui. Mchanga unapashwa moto kwanza au unawekwa baridi? Makaa ya juu yanaondolewa lini? Nikajaribu kwa kukumbuka, ikatoka nyeusi chini na uji katikati. Mume wangu Mawien akaizunguka, akaigonga kwa kidole, akasema kama ni ya kujengea ukuta yeye ameridhika. Sikucheka. Nilikuwa naona uso wa mtoto wangu mbele ya wakwe, aliyenitaja mimi badala ya hoteli.

Nikaingia kwenye ukurasa, nikaandika kwenye kile kisanduku cha kutafuta: keki ya makaa. Mafi, hakuna kitu. Nikaandika mchanga. Mafi. Nikaandika keki peke yake, ikaja video moja tu, imeandikwa "Salamu kwa Mama Keki wa Kitale", nikaifungua kwa furaha, kumbe ni ya kukaanga samaki. Nikajua yule wa mboga alisema kweli. Zimefutwa, na nikiendelea kubonyeza nitatolewa.

Nikarudi Konyo Konyo kwa kijana anayetengeneza simu. Akasema kufufua video zilizofutwa ni kazi ndogo kwake, nimwachie simu na neno la siri la ukurasa. Simu nikaiweka mezani pake. Neno la siri sikuwa nalo, liko kwa Hadiyo. Nashukuru mpaka leo kwa kusahau kwangu. Nikachukua simu, nikapanda boda kwenda Hai Jalaba kumwuliza.

Hadiyo alikuwa anampimia mteja kitambaa. Nikamweleza yote pale pale, mteja naye akisikiliza. Hadiyo akamaliza kukata kwanza.

"Abaayo," akasema, ndivyo wao wanavyomwita dada, "unampa mtu funguo za nyumba ili akutafutie kijiko?"

"Lakini amezifuta. Watu wamesema."

"Watu gani?"

Nikamtaja.

"Yule? Si ndiye aliyesema mto utapanda mpaka dukani kwangu? Kaa chini unywe chai."

Nikakaa. Akaniuliza ile video ilianzaje, Nyakuoth alianza kwa kusema nini. Nikasema sijui. Sijawahi kuangalia mwanzo wa video zake. Anaongea sana na bando ni ghali, kwa hiyo mimi nasukuma mbele kwa kidole mpaka nione moto.

Hadiyo akaweka mkasi chini.

"Wewe mama mzima, ukiingia kwa mtu huulizi wameamkaje? Unapita moja kwa moja jikoni kufunua sufuria?"

Mteja akacheka mpaka akashika kaunta. Ndipo Hadiyo akanieleza. Nyakuoth haiiti video kwa jina la chakula. Anaiita kwa jina la mtu anayemsalimia mwanzoni, ndiyo maana Mama Keki wa Kitale alikuja na samaki. Kile kisanduku kinasoma jina la juu peke yake, yaliyomo ndani hakiyajui. Ningeandika keki mpaka kidole kiote sugu. Dawa ni kuacha kuandika. Juu ya orodha kuna mahali pa kupanga, pameandikwa mpya kwanza. Unapabonyeza, unachagua za zamani kwanza, kisha unachagua mwaka.

Mwaka niliujua kwa darasa la Atong. Tukauchagua, na video zikajaa skrini. Hakuna iliyofutwa. Tukashuka pole pole kwa bando la duka: salamu kwa Mama Gune wa Kakuma, salamu kwa Jubek na wenzake wa Kampala, salamu kwa Hadiyo, na hapo mwenyewe akataka tusimame tuitazame yake. Tukashuka tena mpaka mwezi wa Krismasi. Pale kidole changu kikasimama chenyewe.

Salamu kwa Mama Atong wa Juba.

Nikamwuliza Hadiyo kuna akina Mama Atong wangapi Juba. Akasema wengi, ila tufungue tu. Safari hii sikusukuma mbele.

"Mama Atong," Nyakuoth akasema kwenye simu, amekaa kwenye kigoda, jiko bado halijawashwa, "uliniandikia kwamba huko huna oveni na binti anataka keki. Nimeuliza kwa mama mkwe, nikajaribu, nikaunguza mbili. Hii ya tatu ni yako. Mwambie Atong anibakishie kipande."

Kweli niliwahi kumwandikia. Nilidhani hakusoma. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa pale, limeandikwa jina langu, nami niliruka salamu nikakimbilia makaa. Nikalia kidogo, Hadiyo akanipa kipande cha kitambaa, akaniambia kitafuliwa.

Mchanga, kumbe, unapashwa moto kwanza.

Harusini keki ilisimama wima, rangi ya asali. Shangazi wa Malith alikula, akarudi tena, kisha nikamwona anafunga kipande kwenye leso akidhani hatumwoni. Atong alikata kipande kimoja akakiweka pembeni kwenye sahani, akakipiga picha na gauni lake, tukamtumia Nyakuoth. Akajibu kwamba kipande alichoomba miaka ile kimemfikia kwa picha tu, na kwamba tumemchelewesha.

Sasa nyinyi mnaotaka kuingia ukurasa ule, jihadharini na haya:

Usiamini habari za ukurasa kutoka kwa mtu asiye mwanachama.
Usimpe fundi wa simu neno la siri.
Usiandike jina la chakula kwenye kisanduku na kukata tamaa. Panga za zamani kwanza, chagua mwaka.
Usiweke mchanga baridi.
Usiruke salamu, hata bando likiwa dogo.