Ufuo Usio na Watu

Sijawahi kufika Hatumeli, na sitafika. Hata hivyo, kwa wiki tatu za Februari 2014 nilikijua kijiji hicho kuliko ninavyowajua majirani zangu wa ngazi moja. Kaya sitini na mbili. Kanisa moja la bati jekundu. Shule ya madarasa matatu. Mashua ya abiria mara moja kwa wiki, bahari ikikubali. Kiko kwenye kisiwa kidogo cha Maluku, mashariki ya Indonesia, na mimi nilikuwa nimekaa Saint-Josse, mtaa wa Brussels, ghorofa ya pili juu ya duka la masanduku ya safari, ubavuni mwa radieta inayokohoa, nikikiandikia wasifu.

Ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Ofisi ilikuwa ya papa Constant, mtu wa Likasi, Kongo, na wafanyakazi walikuwa wawili: yeye na mimi. Kampuni moja ya hapa mjini iliuza safari za mbali, na pembeni iliwatafutia wenye mitaji ardhi za kukodi visiwani. Walituletea fomu na picha, sisi tukawaandikia kurasa nne za Kifaransa kitamu. Mtalii asome atamani, mwekezaji asome apige simu. Nilikuwa hodari, nisijifanye mnyenyekevu. Nilikuwa nimeshaandika mahali kumi na saba bila kutoa mguu Brussels, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilifika.

Fomu ya Hatumeli ilijazwa na karani wa kijiji, bwana Elifas, kwa herufi zilizosimama wima kama za mwalimu wa darasa la kwanza. Picha zilipigwa na mtu wa kampuni, aliyeshuka mashuani asubuhi na kupanda hiyo hiyo jioni. Picha ya kumi na moja ilikuwa ya ufuo wa kaskazini. Mchanga mweupe, minazi, nazi zimeanguka na hakuna aliyeziokota. Hapakuwa na chombo wala wayo hata wa mbwa. Pembeni kulikuwa na mti uliochomekwa mchangani, umefungwa makuti machanga, nikadhani ni pambo la harusi iliyopita. Nikaandika: *plage inoccupée, disponible*. Ufuo usiokaliwa na mtu, uko tayari. Kisha nikaenda kununua mkate.

Kampuni ilimpelekea karani nakala kwa barua pepe aione, kwa adabu tu, kwa sababu hawakutarajia ajibu. Akajibu. Barua yake ilipita kwenye mashine ya kutafsiri na kutoka na Kifaransa cha kuchekesha, lakini maana ilisimama. Alitushukuru kwa maneno mazuri kuhusu kanisa. Kisha akasema kuna kosa dogo. Ufuo ule una wenyewe, yaani kijiji kizima. Umefungwa. Wao wana desturi iitwayo sasi: mchungaji anatangaza Jumapili, mti wa makuti unasimamishwa, na tangu siku hiyo haingii mtu, haokoti nazi, hashiki kombe wala jongoo wa baharini, mpaka miezi iishe na vitu vikomae. Siku ya kufungua, wanaingia wote pamoja. Kombe za siku hiyo ndizo zinazosomesha watoto na kuezeka nyumba za wajane. "Pale pametulia kwa sababu ni petu," aliandika. "Tafadhali rekebisheni kabla ya kuchapa."

Niliisoma mara mbili, na uso ukanichoma.

Ili ueleweke huo moto, lazima nimlete baba yangu. Mzee Sudi anakaa Laeken, chumba kimoja na jiko, tramu ya 93. Kwao ni Rumonge, pale kando ya Ziwa Tanganyika, na walikuwa na shamba la michikichi ambalo babu yangu alilipanda mti kwa mti. Mwaka 1972, watu walipokuwa wakiuawa Burundi, alinibeba mgongoni nikiwa sijatimiza mwaka, tukavuka mpaka Kigoma. Nililelewa huko. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumeshakuwa watu wa Ubelgiji, alirudi Rumonge peke yake, amevaa suti, kwenda kuuliza shamba lake. Afisa akamfungulia faili. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa kwamba lile ni *terrain inoccupé*. Halikuwa na watu, kwa hiyo waligawiwa wengine. Baba aliomba apewe fotokopi, na fotokopi hiyo anayo mpaka leo, ndani ya Kurani yake, kwenye bahasha ya posta.

Neno lile lile. Nimeliona tangu 2006 kila nikienda kwake, nimelilaani kwa lugha nne, kisha mikono yangu mwenyewe ikaliandika kabla ya chakula cha mchana. Nilijichukia, nasema kweli.

Jumapili ile nilimweleza. Sikupanga, alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa kwetu, wa kutoka maduka ya Waafrika ya Matonge, akaniuliza kama kila wiki, nimeandika nchi gani safari hii. Anajivunia kazi yangu kupita kiasi, anawaambia wenzake msikitini kwamba binti yake anaandika dunia. Nikamwambia yote. Hakunikemea. Alinawa mikono, akaifuta taratibu, akakaa.

"Bunduki ilitutoa tu, Rukiya," alisema. "Kilichotumaliza ni kukosekana. Kama muntu angetupiga picha moja, tuko pale tunakamua mawese, mimi, baba yangu, mama yako, yule afisa angeandika nini?"

Nikamwambia asingeweza kuandika lile neno.

"Basi waambie hao watu wapige picha wamesimama pale. Wote. Na watoto. Waonekane."

Nilitoka kwake mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije niliona kuna mlango. Jumatatu nikamvaa papa Constant kabla hajavua koti. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu wa kusema bon, haya, tutaona. Alisoma barua ya karani, akakuna kidevu, akasema kampuni imeupenda ufuo ule kuliko kila kitu kingine, kuna mtu anataka kujenga vibanda vya wageni pale pale, donc kufuta mstari si jambo jepesi. Lakini kurasa zinakwenda kwa mchapaji baada ya siku kumi na tano. "Leta picha yenye iko na batu," aliniambia, yaani watu. "Wakiona batu mule, mi nitaweza kusema kitu. Barua tu, maman Rukiya, barua haina nguvu."

Nikamwandikia bwana Elifas siku hiyo hiyo. Nilimwomba atume picha ya ufuo wa kaskazini ukiwa na watu. Nikamwambia hiyo ndiyo itakayowaokoa. Akajibu kwa swali: wangapi? Nikaandika: wengi iwezekanavyo, wakiwa kazini, waonekane wanautumia. Akauliza tena kama ni lazima wawe wanavuna. Nikamjibu ndiyo, ingefaa sana, na afanye haraka. Baada ya hapo alinyamaza siku tisa.

Msomaji ameshaona. Mimi sikuona. Barua yake ya kwanza ilikuwa imenieleza kila kitu, neno kwa neno, lakini mimi niliisoma kana kwamba imetoka Rumonge. Kwetu, aliyekosekana alinyang'anywa. Sikuwaza hata kidogo kwamba kuna mahali duniani ambapo watu wanakosekana kwa makusudi, wote kwa pamoja, na huko kukosekana ndiko kunakoonyesha kwamba mali ni yao.

Siku ya tisa papa Constant aliingia amechelewa, ananukia mvua, hanitazami. Alianza na habari za foleni. Nikajua kuna kitu. Nikamuuliza moja kwa moja kuhusu mchapaji.

"Ilishakwenda," alisema. "Tangu vendredi, Ijumaa ile. Yule muntu wa vibanda anapanda ndege, balitaka documents mbele. Balinipigia, ningesema nini?"

"Ungesema tunangoja picha."

"Maman Rukiya. Ni village moja, kule mwisho wa dunia. Alors mi na wee tutafanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu aliyenizidi umri. Nilimwambia hata yeye kwao kuna watu waliandikwa hivyo, mashimo ya shaba yakachimbwa juu ya makaburi ya babu zake, na leo amekaa hapa anauza wengine. Alikaa na koti lake mwilini, akawasha kompyuta, na mabega yake yakashuka kidogo. Nikaona kwamba hana mlango zaidi ya nilionao mimi. Hilo liliniudhi kuliko kama angenifukuza.

Nikaenda mwenyewe kwenye kampuni. Jengo la vioo, mapokezi yenye maua ya kweli. Binti wa mapokezi alinisikiliza kwa upole mkubwa, akaandika jina langu, akaniuliza kama nina miadi. Nikasema mimi ndiye niliyeandika Hatumeli, nataka kumwona mkubwa wa vijitabu. Akafurahi. Akasema ni nzuri sana, ameitamani hata yeye. Akanipa kijitabu kimoja kutoka kwenye rundo mezani, bado kina harufu ya wino, nikakuta ufuo wangu umewekwa kwenye jalada. Nilingoja kwenye kochi mpaka walipozima taa za ukumbi. Waliotoka walinisalimia wote, na hakuna aliyekuwa ndiye ninayemtafuta.

Asubuhi iliyofuata picha ya bwana Elifas ilikuwa imefika.

Ilikuwa picha nzuri, wallahi. Kijiji kizima kimesimama kwenye maji ya magoti. Akina mama wamevaa sketi za kanisani. Mzee mmoja amebebwa kwenye kiti. Watoto wako mbele, wameinua vikapu. Mti wa makuti haukuwepo tena, palibaki shimo mchangani. Chini ya picha bwana Elifas aliandika kwamba siku alizonyamaza walikuwa kwenye mkutano. Haikuwa rahisi. Sasi ilikuwa imebakiza miezi mitano, na haijawahi kufunguliwa kabla ya wakati tangu babu yake anakumbuka. Mchungaji alikataa, akina mama wawili walilia, lakini yeye aliwasomea barua zangu, akawaambia huyu mama wa Brussels anajua mambo ya ofisi, na amesema tukionekana tunavuna tutapona. Basi wakaomba dua ya kufungua, wakaingia. "Tumefanya kama ulivyosema. Mwaka huu hatutapata cha kuuza, lakini ufuo ni bora kuliko mwaka mmoja. Tafadhali tuambie kama imetosha."

Nilifunga mlango wa choo cha ofisi nikalia mpaka papa Constant akagonga. Nilipotoka nilimwonyesha. Aliitazama muda mrefu, akasema "eh, batu ya watu, maskini," akaituma kampuni mbele yangu, na maelezo ya heshima. Jibu lilikuja baada ya robo saa. Walishukuru. Picha ya kupendeza, walisema, wataiweka kwenye toleo lijalo, kwenye sehemu ya wenyeji na ukarimu wao.

Kumjibu bwana Elifas sikuweza. Nilifungua ukurasa mtupu siku ya Alhamisi, na Ijumaa tena. Niseme nini? Kwamba haikutosha? Kwamba hata ingefika mapema huenda isingetosha? Kwamba mama wa Brussels hajui lolote la ofisi, kazi yake ni kupamba tu? Swali lake lilibaki pale juu, na mimi nilibaki chini yake.

Jumapili nilikwenda Laeken kwa sababu nisipokwenda baba hupiga simu hospitali. Alikuwa ameshatandika meza. Hakunipa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Picha ilifika?"

Ningesema haijafika. Lakini nilikuwa nimeichapa, sijui kwa nini, ilikuwa kwenye mkoba wangu pamoja na kile kijitabu. Nikampa picha. Kijitabu nilikiacha mkobani, nikaubana mkoba katikati ya miguu yangu.

Alivaa miwani, akaenda nayo dirishani. Alianza kuwahesabu kwa kidole, anapoteza hesabu, anaanza tena. Aliniambia angalia huyu bibi, angalia huyu mzee wamembeba mpaka majini, hawa ni watu kweli. Alicheka peke yake. Kisha akaenda kwenye rafu, akatoa ile bahasha ndani ya Kurani, akaiweka fotokopi ya Rumonge mezani na picha pembeni yake, akazisawazisha kwa kiganja.

"Sasa nani atasema hapakuwa na watu?"

"Hakuna, baba."

"Umefanya kazi. Mimi sikuwa na muntu wa kunifanyia."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Yeye aliirudia picha, akaisogeza karibu na macho. Ni mkulima baba yangu, hata baada ya miaka yote hii ya lifti na tramu, na jicho lake lilikuwa limeacha nyuso, limeshuka kwenye vikapu vya watoto. Nililiona likishuka na sikuweza kulizuia.

"Lakini mbona vitu vyao ni vidogo hivi?" aliuliza. "Hivi bado vichanga. Hawa watu hawajui kungoja?"

"Wanajua," nilisema.

Alinigeukia anisikilize, na mimi nikazidi kuubana mkoba kwa miguu.