Ukuta wa Hoteli ya Usipite

Kishor alikuwa na miaka sabini na minne, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza juu ya ngazi, brashi mkononi. Zamani, ukitoka Mnazi Mmoja kuifuata Barabara ya Morogoro mpaka Chalinze, ilikuwa vigumu kupita hoteli tatu za wasafiri bila kukutana na herufi zake: nene, nyekundu, zenye kivuli cheusi upande wa kulia. Maneno SUPU YA MAKONGORO aliyaandika mara zisizo na idadi, ilhali yeye ni Mhindu asiyekula nyama, na supu yenyewe hajapata kuionja hata kwa ncha ya ulimi.

Kisha yakaja mabango ya plastiki, kazi ya mkono ikafa. Mjukuu wake Hinal ndiye sasa aliyechora mabango hayo kwa kompyuta, katika duka la uchapaji pale Msimbazi. Siku moja Hinal alimuuliza, "Nana, zile herufi zako zimebaki ngapi?" Nana ndivyo Wagujarati wanavyomwita babu mzaa mama.

"Labda hazijabaki."

"Twende tukaangalie. Jumapili hii tunaanza na za hapa mjini, Jumapili nyingine tunaenda Kibaha, mpaka tufike Chalinze. Nataka nizipige picha kabla hawajazibandika vigae."

Kishor alikubali haraka, kisha akajuta. Njia hiyo ilikuwa na hoteli moja ambayo kwa miaka thelathini na minne, kila akiikaribia, alivuka barabara akapita upande wa pili.

Jumapili saa mbili asubuhi walishuka ghorofani kwao Mchafukoge wakaenda kwa miguu. Hoteli ya kwanza, Kula Kwanza, ilikuwa imegeuka duka la makava ya simu. Ukuta umepakwa rangi ya kijani kibichi, hata alama haipo. Ya pili, katika Mtaa wa Msimbazi, ilikuwa hai. Vigae vilikuwa vimekula nusu ya ukuta wake, lakini juu ya mlango zilibaki herufi tano: KARIB. Waliketi chini yake, wakaletewa chai ya maziwa na vitumbua vya moto. Hinal alipanda juu ya kiti, akazipapasa herufi zile kwa kidole.

"Hii R umeikunja hivi bila rula?"

"Unashusha pumzi polepole, mkono unaifuata."

Mwenye hoteli alipotaka kujua binti huyu anatafuta nini ukutani, Hinal alimwambia kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, "Huyu babu yangu ndiye aliyeandika!" Wateja wawili wakageuka, mmoja akapiga makofi. Kishor aliinamia kikombe chake, lakini masikio yake yalikuwa yamepata joto la furaha.

Wakaendelea mpaka wakakaribia Fire, mtaa unapokutana na Barabara ya Morogoro. Hapo Kishor akasema, "Hapa hakuna kitu. Tuvuke, twende moja kwa moja Magomeni."

"Mbona mama alinitajia Usipite? Alisema iko hapahapa."

Kishor alisimama kando ya meza ya muuza viatu. Aliona aibu kumdanganya mtoto aliyeacha mapumziko yake kwa ajili yake, basi akamweleza.

Hakuwa akifanya kazi peke yake siku zile. Yeye aliandika herufi. Picha zilichorwa na mwenziwe Nassibu, kijana wa Kilwa Kivinje. Kuku wa Nassibu ungedhani atawika. Mwaka wa tisini walipewa kazi ya ukuta wa Usipite, na Nassibu akachora mwanamke aliyeinamia karai, anakaanga samaki, kichwa amekigeuza kama mtu aliyeitwa jina lake. Kesho yake mwenye hoteli, mzee Komba, alikuwa ameunganishiwa simu, akataka namba yake iandikwe palepale katikati. Nassibu alikuwa hajafika. Kishor akaona huyu ni mwanamke tu. Akaufunika uso kwa rangi nyeupe, akaandika namba.

"Nassibu alipokuja aliutazama ukuta, akakusanya brashi zake, akaondoka bila kuaga. Mimi nikamwona ana kiburi. Baada ya wiki mbili, Abdulatif muuza rangi ndiye aliyeniambia. Yule alikuwa mama yake, Bi Somoe. Alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na hakuacha hata picha moja."

Hinal aliuliza, "Ukaenda kumwomba radhi?"

"Nilisema nitaenda kesho. Kesho ikawa mwaka. Mwaka ukizidi, miguu inakuwa mizito."

"Basi leo mimi niko na wewe, Nana. Tuingie."

Hinal alimshika mkono babu yake, kama yeye alivyokuwa akimshika zamani kumvusha barabara, wakaingia.

Ukuta ulikuwa upande wa ndani wa baraza, mvua haikuwahi kuufikia. USIPITE ilikuwa imefifia, bado inasomeka. Chini yake palikuwa na karai, samaki, mikono ya mwanamke, na uso. Uso mzima, na kipini puani, umegeuka kumtazama anayeingia. Namba ya simu haikuwapo. Kishor alijikuta ameshika nguzo.

"Shikamoo mzee. Karibuni, chapati zipo, maharage yapo," alisema mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni. Alikuwa Candida, binti wa marehemu mzee Komba, na sasa ndiye mwenye hoteli.

"Marahaba. Huyu mama ... nani alimrudisha?"

"Alirudi mwenyewe," Candida alicheka. "Ile rangi nyeupe ya juu ilianza kubanduka, sijui kwa mvuke wa chai. Kwanza likatoka jicho. Tukataka kuupaka ukuta upya, akatokea mzee mmoja akatuomba tusiuguse. Alikaa hapa siku tatu, na kitambaa na mafuta ya taa, anasugua taratibu kama anamwosha mtoto mchanga. Mpaka leo kila Ijumaa akitoka msikitini anakuja kunywa chai hapo mbele yake. Mzee Nassibu. Anapaka vanishi vitanda kwa mafundi seremala, nyuma ya soko la Ilala."

Hinal alipiga picha nyingi, akausogelea uso mpaka ukajaa kwenye kioo cha simu. Kishor hakula. Aliomba bajaji.

Walimkuta Nassibu juu ya kigoda, ndevu nyeupe, akipitisha brashi kwenye mbao za kitanda. Aliinua macho, akamtambua, akarudi kwenye ubao wake.

"Asalaam aleikum, Nassibu."

"Waaleikum salaam." Brashi ilifika mwisho wa ubao. "Kishori. Umenenepa."

"Nimetoka Usipite. Nimemwona." Kishor alikuwa ameandaa maneno ndani ya bajaji, sasa yote yalikuwa yamemtoka. "Nilimfunika mama yako. Sikujua. Naomba unisamehe."

"Najua hukujua. Ningekulaumu vipi kwa usilolijua?" Nassibu aliweka brashi juu ya kopo. "Ulijua lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Na hukuja."

"Sikuja."

"Hilo ndilo lililoniuma. Rangi inabanduka, Kishori. Nilikaa nikikungoja. Nilijua utakuja, tutaparuza ule ukuta pamoja, yataisha. Nikikaa mbele ya ile picha peke yangu, najiuliza, hivi nani ataniandikia herufi?"

Kishor aliketi juu ya mbao zisizokauka, suruali yake nzuri ya Jumapili ikanata, asijali. Alilia bila kujificha. Nassibu alimwacha alie, kisha akamsukumia kitambaa chenye harufu ya tina ya kuyeyushia rangi.

"Basi, bwana. Utaniharibia kitanda cha watu."

Hinal alimwamkia, akamwonyesha simu. Nassibu aliitazama sura ya mama yake kwa muda mrefu, akiisogeza karibu na jicho la kushoto, kwa kuwa la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho.

"Kitu kama hiki kinaweza kuwekwa kwenye karatasi, mjukuu wangu? Nikitundike ndani?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, babu. Nitaichapa kwenye karatasi nzito, wala si plastiki. Kesho jioni nakuletea, na fremu yake."

Nassibu alifumba jicho lake zima. "Watoto wangu hawakuwahi kumwona bibi yao," alisema.

Jumapili iliyofuata gari la Sejal, mama yake Hinal, lilipita Kimara likiwa na watu watatu: Hinal na wale wazee wawili. Walikunywa chai Mbezi. Kibaha walipata ukuta mmoja mzima, wenye kuku na herufi, na mwenyewe akawauliza wanatoza kiasi gani kuufufua. Wazee hawakumjibu, maana walikuwa katikati ya ubishi.

"Huyu kuku wako ana shingo ndefu."

"Herufi zako zilimbana, ungetaka akae wapi?"

Hinal alimwambia mwenye hoteli awape wiki moja wanunue rangi.