Programu Iliyohesabu Saa Tangu Usiku wa Manane

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Mgeni mwenyewe alikuwa kipande cha programu ya JavaScript cha kuandika tarehe na saa, kilichopakuliwa bure mtandaoni, kikijigamba kwamba kinajua Kiswahili. Yuster, fundi wa kompyuta wa ofisi ya mifugo, alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kwenye mfumo wa kuwatumia wafugaji wa Nyamigogo meseji za chanjo.

Siku moja kabla ya chanjo, asubuhi, simu ililia ofisini Biharamulo. Alikuwa mzee Malongo, mfugaji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kesho mmesema saa nane? Basi nitachunga kwanza, ng'ombe nitawaleta mchana."

Chanjo ilipangwa saa mbili asubuhi, na dawa ikishachanganywa haivuki saa sita mchana ikiwa nzima. Yuster akaifungua meseji: "Jumatano, saa 8:00." Siku sawasawa, lakini saa zimehesabiwa tangu usiku wa manane, kana kwamba kuna Msukuma anayeianza siku yake akikoroma! Na wafugaji mia tatu walikuwa na meseji ileile.

Akampigia bosi wake, Anatory, aliyekuwa Rulenge kikazi.

"Usiguse! Programu hiyo inatumika dunia nzima. Wewe na diploma yako utawasahihisha?"

"Dunia nzima haichungi Nyamigogo, kaka Anatory."

"Nisubiri nirudi kesho."

"Kesho ukirudi, dawa itakuwa imeharibika!"

Simu ikakatwa. Yuster akakunja mikono ya blauzi. Akaondoa saa sita, akajaribu. Saa mbili! Akajaribu alfajiri: saa sifuri. "Sifuri ya nani?" akafoka, akairekebisha ikawa kumi na mbili. Akaongeza asubuhi, mchana, jioni, usiku. Vidole vilimkimbia, kicheko kikimtoka peke yake. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametuma meseji mpya kwa wote mia tatu.

Kesho yake vumbi lilitangulia, kengele zikafuata. Malongo alikuwa wa kwanza, fimbo begani. Ilipotimu saa tano, chupa ya mwisho ilikwisha bila tone kumwagwa.

Anatory alifika mchana, akakuta samadi mbichi na uwanja mtupu.

"Kazi imefanyika, sawa. Lakini umevunja agizo langu. Andika barua ya kuomba radhi."

"Niliowaandikia ni wenye programu, kaka. Nimewatumia marekebisho yote."

"Na mimi je?"

"Wewe nakwambia kwa mdomo. Siombi radhi."