Mpilipili Uliobaki

Msimu ule kamati ya mfereji ilinipa kazi ya kung'oa mimea ya watu. Nadhani walifanya makusudi. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nasimama kwenye mikutano kuwapa wakubwa ukweli wao: mbegu mnazotuletea zimechoka, dawa mnazotuuzia ni maji ya rangi, na gari lenu tunaliona siku ya kupigwa picha tu. Mwenyekiti akaona njia ya kunifunga mdomo ni kunipa cheo.

"Wewe si unajua kila kitu?" aliniambia mbele ya watu. "Haya, kasimamie."

Watu wakacheka. Nikakubali kwa hasira. Mambo mengi maishani mwangu nimeyakubali hivyo hivyo.

Nyanya zetu zilikuwa zimeugua misimu mitatu mfululizo. Majani yanajikunja kwenda juu kama vikombe, pembeni yanageuka njano, mche unadumaa, maua yanapukutika, na wewe uliyeinama tangu asubuhi unavuna vinyanya vya ukubwa wa gololi. Hatimaye wakatuletea mtaalamu, binti mpole anayetembea na kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni. Watu wakamwita Kioo, naye akaitika.

Kioo alitueleza kwamba ni virusi, na virusi havina miguu. Vinabebwa na inzi weupe, wale wadogo kama chembe za unga, ambao ukitikisa jani wanaruka kidogo na kutua tena. Inzi ananyonya mmea mgonjwa, anakwenda kunyonya mzima, kazi imekwisha. Dawa ya kuuponya mche hakuna. Kilichobaki ni kumnyima inzi mahali pa kuuchukua ugonjwa: pande zote mbili za mfereji, miezi miwili bila nyanya, bila bilinganya, bila pilipili, hata ule mmea mmoja wa uani. Muda huo miche mipya inakaa kitaluni chini ya neti yenye matundu madogo kuliko ya chandarua.

Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba na jembe langu na karatasi yenye majina. Sikumwonea mtu haya. Jirani yangu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimwi, alikuwa ameficha bilinganya mbili nyuma ya choo. Nikazing'oa.

"Yaani hata choo changu umekigeuza ofisi," akasema.

"Ofisi nyingi ni vyoo," nikamjibu. "Chako angalau kina mlango."

Nyumba ya mwisho kwenye karatasi ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Pale ukutani, karibu na jiko lake, palikuwa na mpilipili. Mke wangu aliupanda mwaka alioumwa, aliporudi kwa mama yake kuuguzwa, maana zahanati ya upande wangu ilikuwa na kufuli kubwa kuliko kabati lake la dawa. Hatukujaliwa mtoto. Alipoondoka alituacha watu wawili, mimi na mama yake, na ule mmea unaofika kifuani kwangu.

Kila Jumatano nilikwenda kuchuma pilipili. Mama ananifungia kwenye mfuko, tunakaa kidogo uani, ananiambia nani kaoa na nani kagombana, ananiambia mimi nimekonda, kisha naaga. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu ya kuongea na mtu. Siku nyingine nilikuwa naongea na jembe. Sasa mwanaume aliyefiwa na mke, na mke mwenyewe hakuacha hata mtoto, anakwenda ukweni kufanya nini? Watu wana macho. Lakini mtu aliyefuata pilipili, huyo ana shughuli yake, hakuna wa kumuuliza.

Siku ile nikausimamia mpilipili na jembe mkononi. Majani yalikuwa ya kijani, yanang'aa, hata moja halijajikunja. Kioo alikwisha kutuambia kwamba pilipili inaweza kuubeba ugonjwa bila kuuonyesha. Nilimsikia vizuri. Niliamua kwamba sikumsikia.

"Na huu wangu, mwanangu?" mama akauliza kutoka jikoni. "Nasikia hubakizi cha mtu."

"Huu mzima, mama. Huu hauna neno."

Akafuta mikono kwenye kanga.

"Haya. Kama wakubwa wako wameruhusu."

Nikatia tiki mbele ya jina lake, nikaenda zangu.

Miezi miwili ilipotimia tulihamisha miche kutoka kitaluni siku moja, shamba zima, kama Kioo alivyotaka. Kwa wiki tatu shamba lilipendeza mpaka nikawa sina cha kulalamikia, nikajihisi kama mtu aliyepoteza fimbo yake. Halafu mistari miwili ya Redio ikaanza kujikunja. Shamba la Redio ndilo linalopakana na nyumba ya mama.

Tukaitwa ghalani. Mimi nikawa wa kwanza kusimama. Nikasema neti waliyotuletea ni ya kuchujia chai, nikasema mbegu ni za kufagia sakafuni, nikasema wanaotupangia kazi hawajawahi kuushika mche mkononi. Wakanipigia makofi. Nilikuwa nimezoea makofi, na siku ile yalinitokea puani.

Kioo akasubiri watulie. "Mzee," akaniuliza kwa adabu, "kuna mmea wowote uliobaki?"

"Hakuna."

Akafungua karatasi aliyochora shamba letu. Kila mche mgonjwa alikuwa ameuwekea nukta. Nukta zilikuwa nyingi upande wa juu, kisha zinapungua, zinapungua, mpaka zinakwisha. "Unatokea huku," akasema, akaweka kidole pale kwa mama. Hakunitazama. Angenitazama ningepata hasira, na hasira ingenisaidia.

Redio akadakia. "Hapo kwa mkwe wa mzee wetu msipaguse. Mtu aliyenifuata mpaka chooni kwa bilinganya mbili? Mshukuni kila mtu, mimi mwenyewe mnishuku, lakini yeye hapana."

Nikakaa chini. Nilikumbuka zahanati ile. Siku tuliyokwenda na mke wangu mara ya mwisho, ukutani palibandikwa karatasi: dawa zimefika, tiki, zimegawiwa, tiki. Mke wangu aliisoma kwa sauti, maana mimi kusoma kwangu ni kwa kusuasua, kisha akasema labda tumegawiwa tukiwa hatupo. Alikuwa mtu wa utani hata akiumwa. Miaka miwili na nusu nilimchukia aliyetia tiki zile, na sikuwahi hata kumjua sura.

Mkutano ulipokwisha nikamfuata Kioo kwenye pikipiki yake nikamwambia. Nilimwambia yote, na mahali ulipo.

Hakunigombeza. Alifunga kofia yake, akaifungua tena.

"Kesho mapema," akasema, "kabla jua halijapata nguvu, inzi wakiwa wazito kwa baridi. Ufunike na gunia kwanza, ufunge, ndipo ung'oe. Ukiung'oa wazi watahamia kwa jirani. Nije?"

"Hapana. Ni kwa mama mkwe wangu."

"Na jirani yako utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Nilimwambia mimi. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo bilinganya zangu zilikufa bure," akanipa upande wa pili wa turubai. Tukaifunika mistari ile miwili na kuing'oa hadi jua linazama. Miche yangu ya akiba iliyobaki kitaluni nikamwachia. Aliichukua bila asante, na ilikuwa haki yake.

Asubuhi nikamkuta mama anawasha jiko.

"Leo si Jumatano," akasema.

"Najua, mama." Nikabaki nimesimama na gunia langu. "Nilikudanganya. Mpilipili ni mgonjwa, tangu siku ile. Hauonyeshi, lakini inzi wanautoa ugonjwa hapa wanaupeleka shambani. Redio ameng'oa mistari miwili. Nimekuja kuung'oa. Sikutumwa na mtu."

Nilijiandaa kwa machozi, kwa maneno, hata kufukuzwa.

"Ngoja nivae kandambili," akasema.

Yeye akashika mdomo wa gunia, mimi nikakusanya matawi taratibu, kama unavyomvisha shati mtu anayeumwa. Inzi wachache waliinuka chini ya majani, wakarudi kutua, baridi imewashika. Nikafunga gunia na kamba shinani. Nikachimba. Mzizi ulikuwa umeingia chini ya ukuta, hautoki. Nikavuta, mama akaja akashika kiunoni mwa gunia naye akavuta, mzizi ukakatika ghafla, tukaanguka chali wote wawili, mtu na mama mkwe wake, jambo ambalo sijui ungemweleza nani.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na kicheko kile nilikuwa nakifahamu. Kinaanza puani, kinapanda, kinakatika, halafu kinaanza upya pale ulipodhani kimekwisha. Miaka yote ya ndoa nilidhani mke wangu alikibuni mwenyewe.

"Bora umetoka," akasema alipopata pumzi, bado kakaa chini. "Mgongo wangu ulikuwa umechoka nao."

"Si ulikuwa unaupenda?"

"Mimi? Pilipili nilikatazwa zamani, tumbo langu hili. Nilikuwa naumwagilia kwa ajili yako."

"Mama, mimi sili pilipili."

"Huli?"

"Aliyekuwa anakula ni yeye."

"Na zote ninazokufungia?"

"Nampa Redio. Anasema zako kali kuliko za dukani."

Akaangalia shimo. Kisha akaniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kunichapa.

"Kiangazi kile mfereji ulipokauka," akasema, "unajua nilibeba ndoo ngapi kutoka kisimani? Kila nikiona jani limelegea nasema, basi, ukifa huu, yule mtoto haji tena."

Nilikuwa na udongo mdomoni, nikajifanya nautema.

"Na mimi nilidhani," nikasema baadaye, "bila pilipili sina la kujia."

"Nyie wanaume," akasema, na akaishia hapo. Akaninyoshea mkono nimwinue.

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukalizika gunia, tukashindilia udongo kwa miguu, yeye na kandambili zake. Pale ukutani palibaki alama ya kijani kwenye chokaa, majani yalipokuwa yanagusa. Mama aliitazama, akapitisha kiganja juu yake mara moja, akaingia ndani kutazama chai. Alikaa ndani muda mrefu kuliko chai inavyotaka. Sikumfuata. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi, na mimi nikasema kuni zimelowa.

Kwenye mkutano uliofuata nilisimama nikawaambia wenzangu ni tiki ya nani iliyowagharimu. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akataka karatasi ya majina irudi. Nikamwambia ataipata, lakini bado neti zake ni za kuchujia chai, na hilo silifuti.

Jumatano nikaenda mikono mitupu. Nilifika mlangoni nikasita, sijui niseme nimefuata nini.

"Mama," nikasema, "nimekuja."

"Nimekuona," akasema. "Sogeza hicho kigoda, napitisha ufagio."