Matofali ya Mama Estelle

Siku Clovis alipovunjika mguu, mke wake Dieudonnée alikuwa katika soko la Kasongo akiuza sombe, majani ya muhogo. Habari ilimfikia kwa mdomo wa jirani yake Fatuma, aliyekuja mbio kichwa wazi, na Fatuma si mtu wa kutoka nyumbani bila kitambaa.

"Mama Estelle, acha hiyo sombe. Tanuru imeanguka. Baba Estelle iko hospitali."

Dieudonnée hakupiga kelele. Alikwisha kupiga kelele zake zote mwaka uliotangulia, kule kwao, upande wa Kabambare, wakati watu wenye bunduki walipochoma kijiji. Yeye na Clovis na watoto wao wawili, Estelle na Serge, walitembea hadi Wamaza, kisha wakaendelea mpaka Kasongo, na kitu cha thamani walichofika nacho kilikuwa sufuria moja na kikwembe, kitenge cha harusi cha Dieudonnée. Clovis alikuwa mkulima. Kasongo hakuwa na shamba, basi akaomba kazi ya kufyatua matofali kwa Hervé, mtu mwenye tanuru kubwa kuliko zote mtaani. Akazoea. Jioni alikuwa akirudi na udongo hadi kwenye nyusi, na kalibu, kiunzi cha mbao cha kufyatulia matofali, chini ya kwapa ili isiibwe.

Siku hiyo walikuwa wanafungua tanuru ingali na joto. Clovis alisema tungoje ipoe, ukuta wa pembeni umelegea. Hervé akajibu kwamba gari la mteja limekwisha kufika. Ukuta ukamwangukia Clovis kuanzia goti kushuka chini.

Kesho yake Hervé alikuja hospitali. Dieudonnée alipomwona mlangoni, kofia mkononi, alisogea kwenye benchi ili ampe nafasi ya kukaa. Hervé hakukaa.

"Pole, Clovis," alisema. "Sasa, ile kalibu unapelekaka nyumbani, iko wapi? Mutu mwengine anaanza kazi kesho."

Clovis, mguu umefungwa kwenye ubao, alimwambia iko chini ya kitanda. Dieudonnée akaenda nyumbani, akaileta. Hervé aliipangusa kwa kiganja, akaigeuza, akaangalia pembe zake kama hazikupasuka. Mguu hakuuangalia. Akavaa kofia, akaondoka.

Tangu saa ile kitu kama jiwe la moto kilikaa chini ya mbavu za Dieudonnée. Ugali haukupita. Akilala, anamwona Hervé akigeuza ile kalibu. Clovis aliporudishwa nyumbani, amekonda, hawezi kusimama, mke wake alijifunga kitenge akaenda kwenye tanuru ya Hervé mbele ya wafanyakazi wote.

"Patroni, nipe kazi ya bwana yangu. Watoto wanapashwa kula."

"Wanawake wanabebaka maji," Hervé alisema. "Kupiga matofali ni kazi ya wanaume. Ukitaka kubeba maji, njoo."

Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Dieudonnée akageuka. Alirudi akipita njia ya mtoni, kwenye kipande cha ardhi ambacho Fatuma alirithi kwa baba yake. Fatuma alikuwa ameinama kwenye matuta yake ya mboga ya lengalenga.

"Ile pembe ya chini, ile mboga zinaoza kila mara, unaifanyia nini?" Dieudonnée aliuliza.

"Nitaifanyia nini? Ni udongo wa kunata tu, hauoteshi kitu."

"Nipe. Nitapiga matofali. Tukiuza, tunagawa."

Fatuma aliweka jembe chini. "Dada, hasira si kazi."

"Najua. Lakini nyumba walichoma, bwana wamemuvunja. Hasira ndiyo imebaki."

Kesho yake alipeleka kikwembe chake cha harusi kwa seremala, akabadilisha na kalibu mpya. Njiani kurudi alipita karibu na kanisa, akaitazama ile kalibu mkononi, akajiuliza kama ana akili timamu. Hata hivyo aliendelea kutembea.

Aliamka alfajiri kila siku, kabla watoto hawajaamka. Alichimba, akamwaga maji, akakanyaga udongo kwa miguu mitupu, na kila hatua alitaja jina moja moyoni. Hervé. Hervé. Wapita njia waliokuwa wanakwenda sokoni kwa baiskeli walisimama kumtazama. Wengine walimtania, na kila neno lao lilimwongezea nguvu. Mvua moja ya ghafla, iliyokuja wakati si wake, ikayayeyusha matofali yote mabichi yakawa tena udongo. Alikaa kando yake, nywele zinadondosha maji, hana nguvu hata ya kutukana. Asubuhi akaanza tena, safari hii akikata majani ya kufunikia.

Tanuru yake ya kwanza ilikuwa ndogo kama kibanda cha mbuzi. Alinunua kuni kwa kubadilishana na muhogo, akaziba kuta kwa tope, akawasha. Ilipopoa na kufunguliwa, nusu ya matofali ilikuwa bado nyeusi na laini, na mengine mengi yalikuwa yamepasuka katikati.

Fatuma alimwomba motari mmoja wa jirani amlete Clovis mtoni kwa pikipiki yake. Clovis alishushwa polepole, akaegemezwa kwenye rundo la kuni. Akaokota kipande, akakivunja, akamwonyesha mke wake kijiwe kilichokuwa ndani.

"Kanyaga kidogo nione," alisema.

Dieudonnée akaingia kwenye udongo. Akakanyaga kama kawaida yake, kwa nguvu na kwa haraka, meno yamebana.

"Mama Estelle. Unakanyaga udongo ao unakanyaga mutu?"

"Mutu."

"Ndiyo maana mawe yanabaki ndani. Ukikimbia, mguu hausikii jiwe. Na huyo mutu iko kwake anakula, hana habari."

Dieudonnée alitaka kumjibu vibaya. Alitaka kumwambia kwamba yeye amelala ndani, mwingine ndiye anayevunjika mgongo. Lakini aliona jinsi Clovis alivyokuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili, uso umejaa jasho kwa ile safari fupi ya pikipiki. Akaanza upya, taratibu, akitafuta mawe kwa vidole vya miguu na kuyatupa kando. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko ile ya kwanza. Hasira ilimwamsha asubuhi, ikamfikisha mtoni, lakini ikifika hapo haikujua kufanya kitu.

Na nyumbani pia hasira ilikuwa imeingia. Hakuongea tena na Clovis isipokuwa mambo ya kuni na maji. Serge alijifunza kumkwepa. Jioni moja Estelle, ambaye ndiye aliyekuwa akipika, akifua, na kumsaidia baba yake kwenda msalani, aliteleza na ndoo ya maji mlangoni. Maji yote yakamwagika ndani, kwenye mkeka. Dieudonnée aliinuka akampiga kofi, kisha la pili, na mkono ulikuwa umekwisha kuinuka kwa la tatu.

Estelle hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi si patroni Hervé."

Mkono ulishuka wenyewe. Clovis aligeukia ukutani. Dieudonnée alikaa kwenye kizingiti, miguu yake imeganda udongo mkavu hadi magotini, akaona kwamba huo udongo anauleta nyumbani kila jioni na hajawahi hata kuusafisha. Alimwita Estelle. Mtoto akasimama mbali. Akamwita tena, na alipokuja alimshika tu mkono, wakakaa hivyo mpaka giza likaingia.

Kuanzia hapo, kabla ya kurudi, alikaa kwenye jiwe mtoni akaosha miguu mpaka ngozi ikaonekana. Siku nyingine hasira ilitoka na udongo. Siku nyingine haikutoka, basi alikaa zaidi, hata Fatuma akamwita, "Dada, unangoja samaki?"

Tanuru iliyofuata iliungua vizuri. Ukigonga matofali mawili, yalilia kama chuma. Yule motari aliyemleta Clovis ndiye mteja wa kwanza. Alikuwa anajenga chumba kwa mke wake, akaona, akagonga, akabeba. Akawaambia motari wenzake. Kisha wakaja watu wa shule moja waliotaka kujenga vyoo, kisha mjane mmoja wa Nyangwe aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Kiangazi kilichofuata wanawake wengine walikuja kuomba kazi, wawili kati yao wakiwa wakimbizi kutoka Wamaza. Dieudonnée aliwapa kalibu, siyo ndoo za maji. Fatuma alisimamia kuni na kujadiliana bei, kwa sababu yeye alikuwa na ulimi laini. Clovis alijifunza kutembea na fimbo, akawa anakaa mtoni chini ya paa la majani, akigeuza matofali mabichi yakauke pande zote.

Watu walisema Mama Estelle amefaulu. Walisema kwa sauti ya sherehe, na yeye aliitikia. Lakini mgongo ulimuuma asubuhi mpaka ashike ukuta ili ainuke. Viganja vilipasuka, chumvi ya chakula ikamchoma. Wakati mwingine alisimama katikati ya udongo akasahau alikuwa anakwenda kuchukua nini.

Siku moja mwishoni mwa kiangazi, Hervé alikuja mtoni. Alikuja kwa miguu, kofia ile ile kichwani. Wanawake waliacha kazi wakamtazama. Alizunguka tanuru, akagonga tofali, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama, kazi nzuri kabisa," alisema. "Mimi niko na jengo kubwa, na tanuru yangu haikuiva. Mvua inakaribia. Nitabeba yote uliyo nayo."

Dieudonnée alikuwa ameingoja siku hiyo tangu alipotoa kikwembe chake. Maneno yake alikuwa ameyapanga na kuyapanga upya, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kibangubangu, lugha ya kwao, maneno ambayo yangemkalisha mtu chini. Alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Ulikuja hospitali kuchukua kalibu."

Hervé alivua kofia. Aliyatazama maji ya mto.

"Kalibu ilikuwa ya kwangu, mama."

"Ndiyo. Ilikuwa ya kwako."

Wanawake walisogea karibu. Fatuma alishika kiuno, akiwa tayari kwa vita. Dieudonnée aliingoja hasira ije kama kawaida yake, ije imsimamishe. Ilikuja, lakini ilikuja kama mtu mzee anayepanda kilima, ikakaa njiani. Alimwona Hervé jinsi alivyo: mtu wa makamo mwenye shati la jasho, anayeogopa mvua.

"Matofali nitakuuzia," alisema. "Bei ni ya watu wote. Lakini mule ndani, chini ya ile paa, kuna mutu alikutumikia. Haujamusalimia tangu siku ile. Nenda umusalimie kwanza. Ukae, usisimame mulangoni."

Hervé aligeuza kofia mikononi. Ilionekana atakwenda zake. Kisha akatembea mpaka kwenye paa la majani, akainama, akaingia. Dieudonnée alimwona akivuta tofali bovu na kulikalia. Walichoongea hakukisikia. Aliendelea kuchota udongo na kuujaza kwenye kalibu, na wenzake nao wakarudi kwenye kazi. Hervé alipotoka hakumtazama usoni, alipatana na Fatuma siku ya kubeba, akaondoka.

Jioni, njiani kurudi, Clovis akienda kwa fimbo, Dieudonnée alipunguza mwendo wake, akauliza, "Alikuambia nini?"

"Aliuliza mguu. Nikamuambia unauma wakati wa baridi."

"Basi?"

"Akasema, ile siku alipashwa kungoja. Ya kuwa tanuru ilikuwa na joto bado. Akasema vile tu." Clovis alipumzika kidogo juu ya fimbo. "Si mengi."

"Si mengi," Dieudonnée alikubali.

Alidhani atalala vizuri usiku huo, na kweli alilala. Kilichomtisha ni asubuhi. Alfajiri ilifika, jogoo wa jirani akawika, na Dieudonnée alifumbua macho, hakuna kilichomsukuma. Jiwe chini ya mbavu halikuwepo. Palikuwa na uchovu tu, wa miaka, umelala pamoja naye kama mtoto mchanga. Aliogopa. Aliwaza kwamba labda kazi yenyewe ilikuwa ile hasira, na sasa itakufa.

Alipofika mtoni jua lilikuwa limekwisha kupanda. Wanawake walikuwa kazini bila yeye. Mmoja aliimba wimbo wa kwao wa kupalilia mpunga, wengine waliitikia, miguu ikizama na kutoka kwenye udongo. Hakuna aliyeuliza kwa nini amechelewa. Fatuma alimsogezea ndoo.

"Nilifikiri unaumwa."

"Nimechoka."

"Sote tumechoka. Kanyaga pole pole."

Akaingia. Udongo ulikuwa baridi, ukamshika vifundo vya miguu. Hakutaja jina la mtu yeyote. Alihesabu kichwani watu wa kulishwa, ada ya shule ya Estelle, kuni za kununua kabla njia hazijaharibika, na mambo hayo, ingawa hayakuwa na moto, yalitosha kuinua mguu mmoja, kisha mwingine.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mchana mmoja, baada ya matofali ya tanuru ya mwisho kubebwa. Kazi ilifungwa mpaka msimu mwingine. Dieudonnée aliingia ndani na nguo zilizolowa, akabadilisha, akasema anajinyoosha kidogo tu. Serge alipoanza kupiga kelele na chuma cha gurudumu, Clovis alimwita nje, chini ya ukingo wa bati, akamwambia acheze huko. Estelle alimfunika mama yake kitenge mabegani, akafunga mlango polepole, na mvua ikaendelea kupiga bati mchana kutwa, naye mama, usingizini, hakuisikia.