Gari la Ngozi

Masika ya mwaka ule yalimkuta Apolinari njiani, akishuka kutoka Handeni na lori lililosheheni ngozi za ng'ombe. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka kama minane nyuma, na barabara ya Morogoro ilikuwa bado ya udongo. Ikinyesha inageuka uji. Alivuka Wami, akavuka Ruvu, akapita Kibaha bila kunasa hata mara moja. Alipofika Mbezi, karibu kabisa na mji, gurudumu la nyuma lilitumbukia kwenye shimo lililofunikwa na maji, na ekseli ikakatika. Aliusikia mlio wake akajua kabla hajashuka.

Alikuwa peke yake. Zamani kila lori la kampuni lilikuwa na dereva na taniboi, msaidizi wake, lakini mwaka ulipoanza tajiri, mzee Shamsuddin, aliwaondoa mataniboi wote akisema gari halina haja ya watu wawili kukaa bure. Kwa hiyo dereva ndiye aliyepakia, ndiye aliyefunga turubali, ndiye aliyechimba tope, na usiku ndiye aliyelala chini ya gari kulinda mzigo. Na sharti moja halikuwa na mjadala: dereva akiliacha gari barabarani, asirudi ofisini.

Apolinari alikuwa mtu wa Kamachumu, upande wa Bukoba. Udereva alijifunza jeshini, na vita vilipokwisha akabaki Dar es Salaam, akapanga chumba Temeke, akaenda kwao kuoa na kurudi na mke. Mkewe aliitwa Kokuberwa. Walikuwa na binti mmoja, Avelina, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele mara ya mwisho baba yake alipomwona. Kutoka pale gari lilipokatikia ekseli hadi chumbani kwake, mtu mwenye miguu mizuri akitoka alfajiri angefika kabla ya adhuhuri.

Siku ile ile alipita dereva mwenzake, Salumu, akielekea mjini na gari lingine la kampuni. Apolinari alimpa ujumbe wa sehemu mbili: ofisini waambiwe ekseli imekatika, na Temeke mke wake aambiwe yuko Mbezi, ni mzima. Salumu alifikisha ule wa kwanza. Wa pili hakuuwahi, maana hata jasho halijamkauka alipakiziwa saruji akapelekwa Kilwa, na Apolinari hakujua. Jibu la ofisi lililetwa na mpanda baiskeli: ekseli inasubiriwa kutoka Nairobi, dereva akae hapo hapo na mzigo.

Akakaa. Turubali lilikuwa na matundu aliyoyasemea tangu mwaka jana, na maji yakapenya mpaka kwenye ngozi. Siku za kwanza zilinuka kidogo. Kisha zikavunda. Harufu ilipanda pamoja na joto la mchana, ikaenea barabara nzima, na nzi wakaja kama walioitwa kwenye karamu. Wapita njia waliziba pua na kuvuka upande wa pili. Malori yaliyopita yaliongeza mwendo. Aliwapungia mkono madereva wasiomjua, nao wakampungia, wakaondoka.

Aliingia mwituni kukata fito, akajitengenezea kitanda cha kuning'inia chini ya bodi ili maji yapite chini yake. Nguo alizifua kwenye mfereji, akazivaa mbichi, na bado zilinuka. Ilifika wakati yeye mwenyewe hakuisikia tena ile harufu, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Mtu mmoja tu alizoea kusema naye, mama mtu mzima aitwaye Mwanaheri, mjane, ambaye shamba lake la muhogo lilipakana na barabara. Mwanzo alikuja kumgombeza kwamba uvundo wake unafika mpaka jikoni. Alipoona mtu mwenyewe alivyo, akarudi na bakuli la muhogo wa kuchemsha na chumvi. Tangu hapo alikuwa akija, akisimama upande upepo unakotokea, akiweka bakuli juu ya kisiki na kusogea nyuma.

"Kwani mwanangu huna kwenu?" alimwuliza siku moja.

"Ninako, mama. Temeke."

Mwanaheri alitazama barabara inayoteremka kuelekea mjini. Hakuuliza zaidi.

Apolinari mwenyewe alijiuliza zaidi ya hapo. Kila asubuhi alijiambia kwamba leo ekseli itakuja, na kwamba ni upumbavu kupoteza kazi kwa ajili ya siku moja. Jua likizama, anasema vile vile kuhusu ya kesho. Alitunga mazungumzo na Avelina, akimweleza habari za nyani waliokuja kuchungulia gari wakakimbia kwa harufu. Mara nyingine aliyasema kwa sauti. Akisikia baiskeli inakuja, ananyamaza.

Mwezi ukaisha, ukaanza mwingine. Asubuhi moja Salumu alipita tena, safari hii akitoka mjini. Alisimamisha gari katikati ya barabara bila kuzima injini, akashuka, na Apolinari akaona kwa uso wake kwamba kuna neno. Salumu aliomba radhi kwanza. Kutoka Kilwa alipelekwa Lindi, hajalala kwake tangu walipoonana. Kisha akasema alimkuta Kokuberwa alfajiri ile kwenye lango la kampuni. Mama yake Kokuberwa yu taabani huko Kamachumu. Amekwisha kata tiketi, anaondoka leo na gari moshi la jioni, yeye na mtoto, na alikuja kuuliza kwa mara ya mwisho mume wake yuko wapi. Karani alimjibu kama siku zote kwamba yuko safarini.

"Mie nikamwambia, shemeji, mumeo yuko Mbezi," Salumu alisema. "Hakuamini. Akaniambia Mbezi si mbali. Mtu aliyeko Mbezi angekuja nyumbani."

Salumu alikuwa anakwenda Morogoro na hakuweza kugeuza gari. Alimshika bega, akapanda, akaenda.

Apolinari alikaa juu ya bampa. Mvua ilikuwa imepumzika na nzi walikuwa kazini. Kisha alisimama, akaenda mpaka nyumbani kwa Mwanaheri, akabisha hodi kwa mbali, akamweleza yote. Hakuomba kitu, lakini yule mama alikwisha chukua bakuli na kanga yake ya pili.

"Nenda," alisema. "Hilo gari lako nani atataka kuliiba? Mie nitakaa nalo."

Alitembea kwa miguu mpaka Kimara, na hapo akapata lori la mkaa. Dereva alipomnusa alimwambia apande nyuma. Magomeni lori lilikunja, akashuka, akaendelea kwa miguu akipita Ilala, watu wakimpisha njia kama anayepita na jeneza. Alifika stesheni abiria wamekwisha panda na wasindikizaji wamejaa. Alikimbia kando ya mabehewa ya daraja la tatu, akichungulia dirisha baada ya dirisha, mpaka akaona mkono wa Kokuberwa ukipanga kikapu.

Alimwita. Kokuberwa aligeuka, akamtazama kuanzia kichwani, akasogea dirishani. Avelina alijificha nyuma ya mama yake na kuziba pua kwa upindo wa kanga.

"Kumbe ulikuwa Mbezi kweli," Kokuberwa alisema.

"Nilikuwa Mbezi."

"Muda wote huu."

Apolinari akaanza kumweleza: ekseli, Nairobi, ngozi, sharti la tajiri. Maneno yalimtoka upesi na kwa fujo, maana yalikuwa yamekaa ndani siku nyingi. Alipomaliza, Kokuberwa akamwuliza: "Na sasa hivi gari analinda nani?"

"Mama mmoja wa pale. Jirani."

"Basi kumbe inawezekana," Kokuberwa alisema.

Hakusema kwa ukali. Apolinari angependa aseme kwa ukali. Akanyoosha mkono kumshika mtoto, na mtoto akarudi nyuma zaidi.

Kengele ikagongwa. Kokuberwa akainama karibu kabisa na dirisha, harufu na yote.

"Panda," alimwambia. "Nitasema na mkata tiketi. Nina vitu vichache vya kuuza njiani. Panda twende pamoja kwa mama yangu, kama ni kumwuguza, kama ni kumzika."

Apolinari alishika chuma cha dirisha. Aliona lori likiwa limeinamia upande mmoja, turubali lenye matundu, yule mama mzee amekaa kwenye mvua kwa sababu yake. Aliona lango la kampuni likifungwa mbele yake baada ya miaka yote ile. Akasema mzigo ni wa watu. Alisema atawafuata, mara tu ekseli itakapokuja. Gari moshi lilianza kusogea akiwa bado anasema, naye akatembea nalo, kisha akakimbia nalo, mpaka jukwaa likaisha. Kokuberwa hakupunga mkono, lakini hakuondoa uso dirishani.

Alirudi Mbezi siku iliyofuata, asubuhi. Lori lilikuwa vile vile. Hakuna mtu wa kampuni aliyepita wala aliyejua kwamba limeachwa. Mwanaheri alikuwa kwenye kiti cha dereva, amejifunika kanga, amefunga vioo.

"Umewakuta?"

"Nimewakuta."

"Wameshuka?"

Alitikisa kichwa. Mwanaheri alishuka taratibu akishika magoti, akamwonyesha bakuli kwenye kisiki, akaenda zake shambani.

Ekseli ilikuja baada ya muda mrefu tena. Ililetwa na Najmuddin, mtoto wa tajiri, kijana aliyesoma, pamoja na fundi Romani. Romani alipoona kile kitanda cha fito alisimama akakitazama, halafu akaingia chini ya gari na kuanza kazi. Najmuddin aliweka leso puani. Alikuwa mtu wa adabu. Alimwita Apolinari kaka, akampa chai ya chupa na mkate, akasema baba yake huwasimulia madereva wengine habari zake, kwamba yuko mtu mwaminifu pale Mbezi. Ngozi, alisema, hazifai tena. Zitatupwa. Kilichotakiwa sasa ni gari, kwa kuwa kuna safari ya Handeni inasubiri.

Apolinari aliuliza kama amesikia vizuri kwamba ngozi zitatupwa. Najmuddin akasema ndiyo, tangu ile wiki ya kwanza walikwisha jua kwamba zitaharibika.

Waliingia mjini jioni. Kesho yake aliitwa ofisini. Mzee Shamsuddin alikuwa amekaa nyuma ya meza, tasbihi mkononi, na alimwagizia kiti, jambo ambalo madereva hawakulizoea. Alimshukuru. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe alipofika nchi hii alilala juu ya magunia dukani kwa mjomba wake miaka mingi, na kwamba mtu hapotezi kitu kwa kuvumilia. Alikuwa anasema kweli, ilionekana usoni.

Apolinari alimwacha amalize. "Mzee, mie nina maombi mawili," alisema. "Naomba turudishiwe mtu wa pili garini. Na naomba ruhusa niende Bukoba nikamtazame mke wangu."

Mzee alizungusha tasbihi. Ruhusa, alisema, itazungumzwa baada ya masika, sasa magari ni machache. Na hilo la mtu wa pili, mbona yeye Apolinari amelinda gari peke yake muda wote huo na hakuna kilichoibiwa? Yeye ndiye aliyewaonyesha kwamba inawezekana.

Aliposikia neno hilo, Apolinari alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo wa gari, akauweka mezani.

"Basi tafuteni mwingine wa kulala na ngozi," alisema.

Mzee Shamsuddin aliutazama ule ufunguo kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Najmuddin alimfuata mpaka mlangoni. Uani madereva walikuwa wakipakia. Habari ilikwisha wafikia, na wote waliacha kamba wakamtazama akipita, lakini hakuna aliyetoka naye. Hakuwalaumu. Juzi tu na yeye angebaki ameshika kamba.

Chumba cha Temeke alikikuta kimefagiwa. Kokuberwa alichukua vyake na vya mtoto. Vya Apolinari alivikunja akavipanga juu ya kitanda vizuri sana, kama vya marehemu vinavyosubiri warithi. Alikaa humo kiangazi kizima. Mchana alibeba magogo kwenye kiwanda cha mbao, Keko, na jioni alirudi kukaa kwenye kizingiti. Majirani walimsalimu kwa heshima, kisha wakaendelea na mambo yao. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Barua mbili alizomwandikia Kokuberwa hazikujibiwa.

Vuli ilipokaribia alipata nauli. Alipanda gari moshi mpaka Mwanza, akavuka ziwa kwa meli, na kutoka Bukoba akapanda milima kwa miguu. Alifika Kamachumu mchana. Mama mkwe alikwisha zikwa zamani, na shada lililokuwa juu ya kaburi lilikuwa limekauka. Kokuberwa alikuwa shambani, akipalilia mibuni iliyoachwa na mama yake ikamezwa na nyasi. Avelina alimwona kwanza. Alimpigia goti kama wanavyofundishwa watoto kuwaamkia wageni, akamletea kigoda, akarudi kwa mama yake.

Apolinari hakukaa. Alisimama kando ya shamba, mzigo wake mkononi, mpaka Kokuberwa alipofika mwisho wa mstari na kunyoosha mgongo.

"Nimekuja," alisema.

"Naona."

"Kazi nimeiacha."

Kokuberwa alifuta jasho. Kisha akaenda kwenye mgomba ulioegeshewa jembe la marehemu mama yake, akalichukua, akampa. Alimwonyesha mahali pa kuanzia. Halafu yeye akavuka mpaka upande wa pili wa shamba, akainama, akaendelea na mstari wake.